Aliyeambiwa Kwanza: Maswali na Majibu kuhusu Kumsaidia Manusura wa Ukatili

Utafiti wa Demografia na Afya wa Tanzania wa 2015–16 ulikuta kwamba kati ya kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 40 walikuwa wameshapigwa au kuumizwa mwili tangu watimize miaka 15, na 17 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono. Wengi wao hawaanzii polisi. Humwendea dada, jirani, mama mwenye nyumba, mwalimu au mchungaji, na jibu la huyo wa kwanza ndilo humpeleka mtu hospitalini au humrudisha kwenye kunyamaza. Ndiyo maana tumeyakusanya hapa maswali ya hao wanaoambiwa kwanza, yale yanayosikika kila mara kwenye madawati ya jinsia ya polisi, wodini na katika ofisi za ustawi wa jamii.

Mpangaji wangu amenigongea usiku, analia, anasema amebakwa. Nianze na lipi?

Anza na usalama wake: aliyemtendea yuko wapi, na anaweza kurudi? Halafu mwambie maneno mawili tu, kwamba unamwamini na kwamba kosa si lake. Usimuulize alikuwa amevaa nini wala kwa nini alipita njia ile. Hata kama huna nia mbaya, yeye atasikia hukumu.

Kisha angalia saa. Dawa za kinga dhidi ya virusi vya Ukimwi, ambazo wengi wanaziita PEP, huanzwa ndani ya saa 72. Kila saa inayopita hupunguza nguvu yake, kwa hiyo msingoje kupambazuke kama usafiri upo. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba inatumika hadi saa 120, yaani siku tano, nayo pia ni bora ikiwahi. Akichelewa kupita muda huo bado aende: kuna vipimo, chanjo ya homa ya ini, tiba ya magonjwa ya zinaa na ushauri nasaha.

Akiweza, asioge, asinawe sehemu za siri wala asifue nguo. Nguo alizovaa zitiwe kwenye bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi. Usitumie mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevunyevu huozesha ushahidi. Kama ameshaoga, usimlaumu, mpeleke hivyo hivyo. Mtafutie nguo za kubadilisha, nauli ya bajaji na mtu wa kukaa naye kwenye benchi. Saa nane ya usiku, nauli ndiyo mara nyingi huamua kama mtu atafika.

Tukifika hospitali bila PF3, si tutarudishwa?

Swali hili limewagharimu watu wengi afya zao. PF3 ni fomu ya polisi: inamtambulisha majeruhi kwa daktari, na daktari huandika humo alichokiona kwa ajili ya kesi. Inahitajika na ina uzito mahakamani. Lakini damu inayotoka na dawa zenye saa 72 haziwezi kusubiri karatasi. Nendeni moja kwa moja hospitalini, elezeni kwamba ni dharura, na ombeni askari wa Dawati la Jinsia na Watoto aitwe aje na fomu. Mkikataliwa, muulizeni daktari wa zamu au afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Msiishie kwa mlinzi wa getini au kwenye dirisha la malipo.

Hebu fuata mzunguko ulivyo pale ambapo huduma hazijaunganishwa. Mama anasimulia kaunta ya polisi, mbele ya watu waliokuja kuulizia pikipiki zilizokamatwa. Anapewa RB, yaani namba ya taarifa yake kituoni, na PF3. Anapanda gari kwenda hospitali, anasimulia mapokezi, anatumwa maabara, anasimulia tena. Daktari wa kujaza fomu katoka zamu, aje kesho. Kesho anarudi kituoni, na mpelelezi ni mwingine, naye anasema, "Hebu nieleze mwanzo." Anayeacha kesi hapo anaambiwa kwamba hakuwa makini.

Vituo vya mkono kwa mkono vilianzishwa kuufuta mzunguko huo. Ni chumba au jengo ndani ya hospitali ambamo daktari au muuguzi, askari, afisa ustawi na mshauri wanamhudumia mtu palepale. Rwanda ilianza mtindo huo mwaka 2009 katika hospitali ya polisi ya Kacyiru, Kigali, kwa jina la Isange. Kama mkoa wako una kituo cha namna hiyo, kijue kilipo kabla hujakihitaji.

Mimi ni muuguzi. Nafanyaje nisimuumize zaidi?

Funga mlango. Jitambulishe. Mweleze kila hatua kabla ya kuifanya, na akisema subiri, usubiri. Ana haki ya kukubali dawa na kukataa uchunguzi, au kukubali sehemu tu ya uchunguzi.

Acha kabisa kupima bikira kwa vidole. Shirika la Afya Duniani limeshasema wazi kwamba kipimo hicho hakina msingi wa kisayansi na kinamdhuru anayefanyiwa. Kutokuwa na michubuko nako si uthibitisho kwamba hakubakwa, kwa sababu watu wengi huganda kwa hofu wasiweze hata kupigana. Andika ulichokiona na alichokuambia kwa maneno yake. Usiandike "anadai" kila mstari, wala usiandike hitimisho lililo kazi ya hakimu.

Ujue maandishi yako yatasomwa mahakamani baada ya miezi mingi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Selemani Makumba ya mwaka 2006, ilisema kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji unatakiwa utoke kwa aliyetendewa mwenyewe. PF3 yako inamuunga mkono, haichukui nafasi yake.

Dawa za kinga ni za siku 28. Huleta kichefuchefu na uchovu, na wengi huziacha njiani. Muulize namba ipi ni salama kumpigia, maana simu nyingine hushikwa na mume, kisha umpigie ndani ya wiki ya kwanza. Simu hiyo haihitaji jengo jipya wala mfadhili.

Sisi wazee wa mtaa tumezoea kuyamaliza kifamilia. Kuna ubaya gani?

Jiulizeni nani anayepokea hizo fedha au ng'ombe. Mara nyingi ni baba au mjomba. Binti anabaki mtaa mmoja na aliyembaka, anapishana naye kisimani, na mtaa unajua bei yake.

Kisheria, ubakaji si ugomvi wa koo mbili. Ni jinai, na mashtaka ni ya Jamhuri, kwa hiyo familia haina mamlaka ya kuisamehe kwa niaba ya mtu. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, maarufu kama SOSPA, iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mbakaji, na kifungo cha maisha pale mtoto anapokuwa na umri chini ya miaka 10. Anayesuluhisha jambo la namna hiyo anaweza kujikuta naye anahojiwa.

Wazee wana kazi kubwa zaidi ya hiyo: kuwalinda mashahidi wasitishwe, kumsindikiza mama siku ya mahakama, na kuwaambia ndugu wa mtuhumiwa waache kupita pita mlangoni kwa watu. Kesi nyingi hufa kwa sababu mashahidi hawatokei.

Dada yangu anapigwa na mumewe kila mwezi. Nimemwambia aondoke, haondoki. Nimchoke?

Usimchoke. Anapiga hesabu usizoziona: watoto watalala wapi, ada italipwa na nani, wifi na mama mkwe watasema nini, na zaidi ya yote, mume atafanya nini akigundua. Kwa wanawake wengi wanaopigwa, hatari huwa kubwa zaidi wakati wa kuondoka na mara baada ya kuondoka, kuliko wakati wa kukaa. Kumshinikiza atoke leo usiku bila mpango kunaweza kumuua.

Msaidieni kupanga. Nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, kitambulisho na kadi za kliniki zikae kwako. Kiasi cha fedha kidogo kidogo kikae kwa mtu wa tatu. Wekeni neno la siri ambalo akilituma kwenye simu utajua umwite nani. Jirani ajue kwamba akisikia kelele apige simu polisi, namba 112, asiongeze sauti ya redio.

Muulize swali moja mahususi: amewahi kukukaba koo? Tafiti zilizofanywa Marekani zimeonyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake ana hatari kubwa mara kadhaa ya kuja kuuawa naye. Shingo inaweza isiwe na alama yoyote. Sauti kukwaruza, kumeza kwa shida, kupoteza fahamu au kujikojolea wakati wa kukabwa ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Na ile hoja kwamba mume ana haki ya "kumrudi" mkewe haina mashiko. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Tanzania haijawa na sheria maalumu ya ukatili wa nyumbani kama ile ya Kenya ya 2015, ambayo inamwezesha mtu kuomba mahakama amri ya kumlinda. Lakini kupiga na kujeruhi ni makosa ya jinai yanayoshtakiwa leo, awe mume au awe mpita njia.

Nimo katika baraza la usuluhishi wa ndoa. Wanandoa wenye kupigana tuwafanyeje?

Wasikilizeni mmoja mmoja kwanza, siku tofauti ikibidi. Mwanamke aliyekaa kiti cha pili kutoka kwa anayempiga hatasema ukweli, na akiusema, mtakuwa mmemtengenezea kipigo cha njiani. Msimpe mtu barua ya wito amfikishie mumewe kwa mkono wake.

Ni kweli kwamba sheria inataka mgogoro wa ndoa upitie baraza kabla ya kufungua shauri la talaka. Sheria hiyohiyo inairuhusu mahakama kuupokea mgogoro usiopitia baraza pale mazingira ya kipekee yanapofanya usuluhishi usiwezekane. Palipo na kisu, kukabwa au vitisho vya kuua, kazi yenu ni kumwelekeza dawati la jinsia na msaada wa kisheria, na kumpa hati ya baraza ya kwenda nayo mahakamani bila kumzungusha. Mawaidha ya uvumilivu mwekeeni anayepiga.

Mwanafunzi wangu, mvulana, ameniambia mjomba wake "anamfanyia mambo". Nimuite mjomba?

Usimuite. Ukimuita, mtoto atatishwa kabla ya jioni. Msikilize, tumia maneno yake, usimhoji kama mpelelezi, na usimuahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote. Mwambie utawaambia tu wanaoweza kumlinda. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa wajibu wa kuitoa kwa serikali ya mtaa. Afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia, au simu ya bure ya mtoto 116 ni mahali pa kuanzia. Nchini Kenya namba ya ukatili wa kijinsia ni 1195.

Wavulana hunyamaza zaidi, kwa aibu na kwa kuogopa kuchekwa. Katika sheria ya Tanzania bara, ubakaji umefafanuliwa kuwa ni kosa dhidi ya mwanamke au msichana. Aliyemlawiti mvulana hushtakiwa kwa kosa la kinyume na maumbile, ambalo nalo ni zito. Hospitalini haki zao ni zilezile: dawa za kinga, vipimo na ushauri.

Mimi ni diwani. Fedha ni kidogo. Halmashauri ianzie wapi?

Tazama Bukavu, mashariki mwa Kongo. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Dkt. Denis Mukwege mwaka 1999, ilitambua mapema kwamba kumshona mtu jeraha na kumrudisha kwenye umaskini ni kazi nusu. Ikaunganisha tiba ya mwili, tiba ya nafsi, msaada wa kisheria na msaada wa kujitegemea kiuchumi. Mwaka 2018 Mukwege alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad. Si kila halmashauri itajenga Panzi, lakini kila moja inaweza kuiga mpangilio wake.

Anza na vitu vinne. Tenga fungu dogo la nauli na chakula kwa manusura na mashahidi, ili tarehe ya kesi isishindwe kwa sababu ya elfu kumi. Hakikisha pakiti za dawa za kinga zipo kwenye kituo cha afya kinachofanya kazi usiku, si hospitali ya wilaya pekee. Weka fomu moja ya maelezo inayomfuata mtu, ili asisimulie upya kila dawati. Na katika mikopo ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, wakumbuke waliotoka kwenye ndoa za kipigo, kwa sababu asiye na pa kulala wala kipato hurudi alikopigwa.

Kisha pima. Usihesabu semina na fulana za Siku 16 za Kupinga Ukatili. Jumamosi saa nane ya usiku, piga simu dawati la jinsia la wilaya yako, halafu piga hospitali. Uliza nani yuko zamu, dawa zipo, chumba kina ufunguo na ufunguo uko kwa nani. Majibu utakayopewa yaweke mezani kwenye kikao kijacho cha baraza la madiwani, na udai tarehe ya kurekebisha kila lililokosekana.