Mada ya 7: Kusanidi na Kuunganisha Sehemu za Mfumo wa Wavuti wa MVC

Malengo ya mada

Baada ya kusoma mada hii utaweza:

(a) kueleza kazi ya modeli, mwonekano na kidhibiti;
(b) kufuatilia ombi la mtumiaji kutoka kwenye kivinjari hadi kwenye hifadhidata na kurudi;
(c) kusanidi mradi ufanye kazi kwenye kompyuta yako na pia kwenye seva;
(d) kueleza kwa nini taarifa moja haipaswi kuandikwa mahali pawili.

Utangulizi

Mradi wetu katika mada hii ni mfumo wa kuuza tiketi za basi litokalo Tunduma kwenda Iringa kwa barabara kuu ya TANZAM. Basi hilo hupita Mbeya, Chimala, Makambako na Mafinga. Tumeuchagua kwa sababu makosa yake huonekana kwa macho. Kiti kikiuzwa mara mbili, abiria mmoja atabaki stendi na mizigo yake. Saa ikionyeshwa vibaya, mtu atafika na kukuta basi limeshaondoka.

Shika kanuni hii tangu mwanzo: kila taarifa na kila sharti liwe na mahali pamoja tu pa kukaa. Sehemu nyingine zikihitaji taarifa hiyo, zikaiombe hapo. Karibu kila swali la MVC hujibiwa kwa kanuni hii.

7.1 Sehemu tatu na kazi zake

Muundo wa MVC ulibuniwa mwaka 1979 na Trygve Reenskaug, mtaalamu wa kompyuta kutoka Norway, alipokuwa kwenye kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, Marekani. Tovuti ya kwanza duniani ilifunguliwa mwaka 1991. Kwa hiyo muundo huu ni mkongwe kuliko wavuti yenyewe.

Ili uuelewe, fikiria ofisi ya tiketi ambayo haina kompyuta. Ndani kuna daftari la safari lenye masharti yake: viti ni vingapi, vipi vimeuzwa, nauli ni kiasi gani. Kuna karani anayemsikiliza abiria, anayekagua daftari na kutoa jibu. Mwisho kuna tiketi anayopewa abiria mkononi.

- Modeli ni daftari pamoja na masharti yake. Hutunza data na kujua kipi kinaruhusiwa.
- Kidhibiti ni karani. Hupokea ombi, huiuliza modeli, kisha huchagua jibu litakaloonyeshwa.
- Mwonekano ni tiketi. Huonyesha kile ilichopewa, bila kuamua lolote.

Katika Laravel, kiunzi cha lugha ya PHP kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2011, modeli hukaa katika folda ya `app/Models`, vidhibiti katika `app/Http/Controllers`, na mionekano katika `resources/views`.

> Zingatia: Wanafunzi wengi huandika kwamba "modeli ni hifadhidata". Jibu hilo halijakamilika. Hifadhidata ni ghala la data. Modeli ni msimbo unaojua kuingia ghalani, kutoa kinachotakiwa na kukataa kisichofaa.

7.2 Safari ya ombi moja

Abiria aliyeko Mbeya anataka kuona safari za kesho. Mambo hufuatana hivi:

1. Kivinjari chake kinatuma ombi kwenye anwani `/safari`.
2. Faili la njia, `routes/web.php`, linatazama anwani hiyo inahudumiwa na kidhibiti gani:

   `Route::get('/safari', [SafariController::class, 'orodha']);`

3. Kidhibiti kinaiomba modeli orodha ya safari za kesho.
4. Modeli inasoma hifadhidata na kurudisha orodha.
5. Kidhibiti kinaikabidhi orodha kwa mwonekano.
6. Mwonekano unatengeneza ukurasa, nao unarudishwa kwa abiria.

Mfumo ukigoma, fuata hatua hizi moja moja. Ukipata ujumbe wa 404, anza na hatua ya 2, kwa kuwa huenda njia haijaandikwa. Ukurasa ukifunguka lakini orodha ni tupu, kagua hatua ya 3 na ya 4. Orodha ikiwepo lakini imepangwa vibaya, tatizo liko kwenye hatua ya 6. Anayejua hatua hizi hapapasi gizani.

7.3 Kusanidi mradi

Kusanidi ni kuupa mfumo taarifa za mazingira unamofanyia kazi: hifadhidata iko wapi, jina lake nani, nenosiri ni lipi. Taarifa hizi hubadilika kutoka kompyuta moja hadi nyingine, lakini msimbo wa mfumo haubadiliki. Ndiyo maana hukaa nje ya msimbo, katika faili la `.env`:

```
DB_CONNECTION=mysql
DB_HOST=127.0.0.1
DB_PORT=3306
DB_DATABASE=tiketi
DB_USERNAME=karani
DB_PASSWORD=
```

Anwani `127.0.0.1` ina maana ya "kompyuta hii hii". Namba 3306 ni mlango ambao MySQL huutumia kwa kawaida. Ukihamisha mradi kutoka kompyuta ya shule kwenda kwenye seva, unabadilisha faili hili tu. Hugusi kidhibiti hata kimoja.

Mambo matatu ya kuzingatia:

- Faili la `.env` halitumwi kwa watu. Lina nenosiri. Wenzako wapelekee `.env.example`, lenye majina ya vipengele bila siri zake.
- Kwenye seva weka `APP_DEBUG=false`. Ukiacha `true`, hitilafu ikitokea mfumo utamwonyesha mgeni yeyote mambo ya ndani ya mradi wako.
- Mabadiliko yasipoonekana, futa kumbukumbu ya usanidi. Amri `php artisan config:cache` hunakili usanidi ili mfumo uende haraka. Baada ya hapo mfumo hausomi tena `.env`, mpaka utoe amri `php artisan config:clear` au urudie kunakili.

7.4 Majina ya Kiswahili katika kiunzi cha Kiingereza

Laravel hukisia jina la jedwali kutokana na jina la modeli, kwa kufuata wingi wa Kiingereza. Modeli ikiitwa `Kiti`, yenyewe itatafuta jedwali liitwalo `kitis`. Wewe, kwa kuwa unajua Kiswahili, umeliita jedwali lako `viti`. Modeli na jedwali havitakutana, na utaambiwa kwamba jedwali halipo.

Tiba yake ni mstari mmoja ndani ya modeli:

`protected $table = 'viti';`

Usiache kutumia majina ya Kiswahili kwa kuogopa kosa hili. Taja jina la jedwali wazi ndani ya modeli, na huko ndiko liishi.

7.5 Saa: kuhifadhi na kuonyesha

Abiria akiambiwa basi linaondoka "saa 12 asubuhi", anaelewa. Kompyuta huiita saa hiyo 06:00. Tuhifadhi ipi?

Jibu: modeli ihifadhi 06:00, mwonekano uonyeshe saa 12:00 asubuhi. Ukihifadhi maneno "saa 12", kompyuta haitaweza kupanga safari kwa mfuatano, wala kutofautisha saa 12 ya asubuhi na ya jioni. Ukimwonyesha abiria 06:00 pekee, yupo atakayefika saa 6.

Kugeuza saa: toa 6 kwenye saa ya kompyuta. Jibu likiwa 0 au chini ya 0, ongeza 12. Likizidi 12, toa 12. Kwa mfano, 13:00 huwa saa 7 mchana, na 19:00 huwa saa 1 usiku. Andika kanuni hii mara moja, katika kazi ndogo itakayoitwa na kurasa zote.

Bado kuna usanidi wa ukanda wa saa. Laravel ikiwa mpya hutumia UTC, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Usipoibadilisha, saa 2 asubuhi ya Mbeya mfumo utadhani ni 05:00, na utaendelea kuuza tiketi za basi lililoondoka Mbeya saa 12 na ambalo limeshaipita Chimala. Katika `config/app.php` weka:

`'timezone' => 'Africa/Dar_es_Salaam',`

7.6 Kiti kisiuzwe mara mbili

Kwa sasa tuchukulie kwamba kila abiria anasafiri kutoka mwanzo hadi mwisho. Wakala aliyeko Mbeya na wakala aliyeko Iringa wanabonyeza "Nunua" kwa kiti namba 14 katika sekunde ile ile. Maombi yote mawili yanauliza, "Kiti kiko wazi?" Yote yanajibiwa "Ndiyo", kwa kuwa hakuna lililokwisha kuandika. Kisha yote yanaandika. Kiti kimoja, abiria wawili.

Ukaguzi ndani ya kidhibiti pekee hautoshi. Kuficha kitufe kwenye mwonekano hakutoshi kabisa. Sharti hili lihamie mahali ambapo maombi yote hupita, yaani kwenye jedwali lenyewe:

`$table->unique(['safari_id', 'tarehe', 'namba_ya_kiti']);`

Sasa hifadhidata itapokea tiketi ya kwanza na kuikataa ya pili. Kidhibiti kitapokea kataa hiyo na kuchagua mwonekano wenye ujumbe huu: "Kiti namba 14 kimeshachukuliwa. Tafadhali chagua kingine." Angalia jinsi sehemu zilivyogawana kazi: hifadhidata inalinda sharti, kidhibiti kinaamua hatua inayofuata, mwonekano unamwambia abiria kwa lugha nzuri.

7.7 Mikoa inapobadilika

Mwaka 2012 Mkoa wa Njombe ulianzishwa kwa kumegwa kutoka Iringa, na Makambako ikawa Njombe. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya, na Tunduma ikawa Songwe. Basi letu halikubadili njia, lakini badala ya kupita mikoa miwili, sasa linapita minne: Songwe, Mbeya, Njombe na Iringa.

Aliyeandika "Tunduma, Mbeya" kwa mkono kwenye ukurasa wa mwanzo, kwenye fomu, kwenye tiketi na kwenye ripoti, alilazimika kusahihisha kote huko. Akisahau pamoja, ripoti na tiketi zinapingana.

Aliyekuwa na jedwali la `mikoa` na jedwali la `vituo`, ambapo kila kituo kina `mkoa_id`, alifanya mambo mawili tu: aliongeza safu ya Songwe, kisha akabadilisha `mkoa_id` ya Tunduma. Kurasa zote zikajirekebisha, kwa sababu hakuna ukurasa uliokuwa na jina lake pembeni.

Mambo ya kukumbuka

- Mazingira ya mfumo: kwenye usanidi.
- Data na masharti yake: kwenye modeli na hifadhidata.
- Uamuzi wa hatua inayofuata: kwenye kidhibiti.
- Namna ya kuonyesha: kwenye mwonekano.

Maswali ya marudio

1. Mradi unafanya kazi kwenye kompyuta yako, lakini kwenye seva unashindwa kuifikia hifadhidata. Utaanza kukagua wapi?
2. LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, hupanga ukomo wa nauli za mabasi. Nauli ihifadhiwe kwenye `.env`, kwenye mwonekano au kwenye hifadhidata? Toa sababu.
3. Nauli ikipanda leo, je, tiketi iliyolipwa jana ionyeshe nauli mpya?
4. Abiria A anatoka Tunduma kushuka Mbeya. Abiria B anapanda Mbeya kwenda Iringa. Je, wanaweza kuuziwa kiti kimoja? Sharti la 7.6 libadilishweje?

Majibu

1. Kwenye `.env` ya seva: anwani, mlango, jina la hifadhidata, jina la mtumiaji na nenosiri. Kisha futa kumbukumbu ya usanidi. Usibadilishe msimbo, kwa kuwa umeshathibitika kwamba unafanya kazi.

2. Kwenye hifadhidata. Nauli ni data ya biashara inayotofautiana kwa kila safari, na mhudumu anapaswa kuweza kuibadilisha bila kugusa msimbo. `.env` ni ya mazingira ya mfumo, na mwonekano ni wa kuonyesha tu.

3. Hapana. "Nauli ya sasa" na "kiasi alicholipa abiria huyu" ni taarifa mbili tofauti, hata kama jana zilikuwa namba moja. Ya kwanza ikae kwenye jedwali la nauli, ya pili kwenye tiketi. Kanuni ya mahali pamoja haijavunjwa.

4. Wanaweza. Vipe vituo namba za mfuatano: Tunduma 1, Mbeya 2, Chimala 3, Makambako 4, Mafinga 5, Iringa 6. Kwa safari moja, tarehe moja na kiti kimoja, tiketi mbili hugongana ikiwa kila moja inaanza kabla nyingine haijaisha. A ni 1 hadi 2, B ni 2 hadi 6. B haianzi kabla ya A kuisha, kwa hiyo hazigongani. Sharti la `unique` liondolewe, maana lingemkataa B bila sababu. Mahali pake pawe na ukaguzi ndani ya modeli, na ukaguzi huo na uandikaji wa tiketi vifanyike kama tendo moja huku kiti kikiwa kimefungwa, ili ombi jingine lisiingie katikati.