Maji Kwanza, Nyumba Baadaye

Mnamo mwaka 1975 ulianza mpango wa viwanja 6,000 huko Dandora, mashariki ya Nairobi, kwa ajili ya watu wenye mapato madogo. Benki ya Dunia ilitoa mkopo. Wengi wao hawakupewa nyumba kamili, bali kiwanja chenye maji, choo na bafu. Vyumba walijijengea polepole, kwa kadiri ya fedha zao. Wengine walipangisha vyumba, na kodi ikawasaidia kulipa deni. Mafundi nao wakapata kazi.

Basi funzo ni hili: mtu aweza kuongeza chumba, lakini hawezi peke yake kuleta bomba wala mfereji wa maji machafu. Katika kuutengeneza mtaa, hayo na yatangulie.