KIINGEREZA CHA KAZINI: KUULIZA NA KUELEZA HALI

Wenzangu, huenda baadhi yetu tukaajiriwa katika hospitali ya Mkomaindo, hapa Masasi. Basi naomba tuliangalie neno "kusikia". Sisi twasikia sauti, twasikia baridi, na maumivu pia twayasikia. Kiingereza hutenga: la sikio ni "hear", la mwili na moyo ni "feel". Daktari asiyejua Kiswahili akiuliza, "How does she feel?", usimjibu, "She hears cold", atampima masikio, na homa inazidi. Sema, "She feels cold."

Tena, "I am sorry" ni pole, na ni kuomba radhi pia. Kwa mfiwa sema, "I am sorry for your loss," ajue wampa pole, si kwamba wakiri kosa.

Zoezi: Semeni kwa Kiingereza, "Nasikia kizunguzungu."