Istilahi na Ushuru wa Forodha: Mfano wa Mbao za Chembechembe

Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa za forodha, ulioanza kutumika mwaka 1988, hutenganisha mbao za chembechembe za miti kwa kigezo cha kitu kinachozishikamanisha. Zilizoshikamanishwa kwa gundi za kikaboni huwekwa katika fungu 4410. Zilizoshikamanishwa kwa saruji, fungu 6808. Neno ‘ubao’ halidokezi tofauti hiyo, kwani huzingatia umbo. ‘Gundi’ haijumuishi saruji, ilhali ‘kiunganishi’ tayari ni istilahi ya sarufi. Hivyo, tunapendekeza ‘kishikamanishi’, nomino itokanayo na kitenzi ‘shikamanisha’. Pasipo istilahi bayana, mwagizaji huweza kutia saini hati asiyoielewa, akatozwa ushuru wa bidhaa nyingine.