KUKUBALI SI KUKIRI: ISTILAHI ZA NIDHAMU YA KIUTAWALA JESHINI NA MSAADA WA WAKILI

Ikisiri

Makala haya yanachunguza istilahi zinazohitajika ili kueleza kwa Kiswahili haki za askari anayekabiliwa na hatua za nidhamu za kiutawala. Mfano uliochaguliwa ni wa majeshi ya Marekani. Hoja kuu ni kwamba baadhi ya maneno ya kawaida, hasa *kukubali*, *kufukuzwa* na *kesi*, huficha tofauti za kisheria ambazo askari hana budi kuzifahamu kabla ya kutia saini hati yoyote.

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina msamiati mpana wa kijeshi. Maneno kama *gwaride*, *kwata*, *fatiki*, *kombania* na *afande* yamezoeleka katika makambi ya Afrika Mashariki tangu enzi za ukoloni. Hata hivyo, sehemu kubwa ya msamiati huo inahusu amri na utekelezaji wake. Maneno yanayohusu haki za askari anayetuhumiwa hayajazoeleka kwa kiwango hicho.

Haja ya maneno hayo si ya kinadharia tu. Wahamiaji wengi wenye ukaazi wa kudumu nchini Marekani hujiunga na majeshi ya nchi hiyo, na miongoni mwao wamo wazungumzaji wa Kiswahili. Aidha, mpango uliotangazwa mwaka 2008 wa kuandikisha wageni wenye stadi maalumu, ambao ulisitishwa mwaka 2016, ulikiweka Kiswahili katika orodha ya lugha zilizohitajika. Askari wa aina hiyo hupewa amri kwa Kiingereza, lakini mara nyingi hutafakari mambo mazito, na kuomba ushauri wa jamaa zake, kwa lugha yake mwenyewe.

2.0 Nidhamu ya kiutawala na mahali pake katika sheria

Msingi wa sheria za kijeshi za Marekani ni Kanuni Moja ya Sheria za Kijeshi, iliyotungwa mwaka 1950 na kuanza kutumika tarehe 31 Mei 1951. Mahakama za kijeshi zimewekwa na kanuni hiyo. Lakini makosa mengi madogo hayafiki mahakamani. Kamanda ana njia nyingine, na zilizo muhimu kwa makala haya ni tatu:

(a) *Karipio la maandishi*. Hii ni barua ya lawama. Uzito wake hutegemea jalada inamowekwa: ikibaki katika jalada la kikosi, athari yake huweza kwisha askari anapohama, ikiingizwa katika jalada la kudumu, huweza kumzuia kupandishwa cheo.

(b) *Adhabu isiyo ya kimahakama*. Hii hutolewa na kamanda kwa mujibu wa Kifungu cha 15. Katika jeshi la nchi kavu, askari wa kawaida aliyeadhibiwa na afisa wa ngazi ya meja au zaidi anaweza kupewa kazi za ziada kwa siku zisizozidi 45, kuzuiwa asitoke eneo maalumu kwa siku zisizozidi 60, kukatwa nusu ya mshahara kwa miezi 2, na kushushwa cheo.

(c) *Uachishaji wa kiutawala*. Askari huondolewa jeshini kabla ya mkataba wake kwisha, bila kuhukumiwa na mahakama.

Ni dhahiri kwamba neno *kesi* haliwezi kutumika kwa yote matatu. Anayesema "nina kesi jeshini" huenda ana barua tu ya karipio, au huenda yu karibu kupoteza kazi. Jambo la kwanza ambalo mshauri anapaswa kulitambua ni njia gani kati ya hizo inatumika, kwa kuwa haki za askari hutofautiana kulingana na njia hiyo.

3.0 Kukubali na kukiri

Askari anayeletewa hati ya Kifungu cha 15 huulizwa kama anakubali shauri lake lishughulikiwe na kamanda, au anadai kupelekwa mahakama ya kijeshi. Haki ya kudai mahakama inawahusu askari wote isipokuwa aliyepangiwa melini au aliyemo safarini melini.

Hapa ndipo neno *kukubali* linapoleta utata. Katika Kiswahili cha kawaida, "amekubali kosa" ni sawa na "amekiri". Askari akielezwa kwamba anatakiwa "kukubali Kifungu cha 15", anaweza kudhani kwamba anatakiwa kukiri, na kwa hiyo akakataa hata pale ambapo kwenda mahakamani ni hatari zaidi kwake. Au anaweza kutia saini na kisha kunyamaza, akiamini kwamba hana tena la kujitetea. Dhana zote mbili si sahihi. Anayekubali shauri lisikilizwe na kamanda hajakiri chochote. Bado anaweza kukana, kuleta mashahidi na vielelezo, na kuomba awe na msemaji. Akiadhibiwa, anaweza kukata rufani kwa mkuu wa ngazi ya juu, kwa kawaida katika muda wa siku 5, akidai kwamba adhabu si ya haki au hailingani na kosa.

Kwa sababu hiyo, makala haya yanapendekeza vitenzi vitatu vitenganishwe: *kupokea hati* kwa saini inayothibitisha tu kwamba barua imefika, *kuridhia usikilizaji* kwa uamuzi wa kuliacha shauri mikononi mwa kamanda, na *kukiri kosa* kwa kukubali kwamba tendo lilifanyika.

Sambamba na hayo ipo haki ya kunyamaza. Kifungu cha 31 kinamtaka anayemhoji mtuhumiwa amweleze kwanza tuhuma inayomkabili, amwambie kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba asemayo yanaweza kutumiwa dhidi yake. Katika utamaduni unaomfundisha kijana kumjibu mkubwa wake papo hapo, kunyamaza mbele ya afande huonekana utovu wa adabu. Tafsiri inapaswa kubainisha kwamba hii ni haki ya kisheria, wala si ukaidi.

4.0 Baraza na aina za kuachishwa

Askari wa kawaida mwenye utumishi wa miaka 6 au zaidi, au ambaye jeshi linakusudia kumwachisha kwa sifa mbaya, ana haki ya kusikilizwa na baraza la watu wasiopungua 3. Kiwango cha uthibitisho ni *uzito wa ushahidi*, yaani upande upi unaelekea zaidi kuwa kweli. Kiwango hiki ni cha chini kuliko kile cha mahakama ya kijeshi, ambacho ni *kuthibitisha pasipo kuacha shaka ya msingi*. Hivyo, tuhuma inaweza kuthibitishwa mbele ya baraza kwa ushahidi ambao usingetosha mahakamani.

Neno *kufukuzwa* nalo halifai kwa kila hali. Uachishaji wa kiutawala una sifa tatu kuu: *kwa heshima*, *wa jumla chini ya masharti ya heshima*, na *chini ya masharti yasiyo ya heshima*. Tofauti zake si za maneno matupu. Anayeachishwa kwa sifa ya pili hupoteza msaada wa masomo unaotolewa kwa waliotumikia tangu tarehe 11 Septemba 2001. Anayepata sifa ya tatu huweza kupoteza sehemu kubwa ya mafao mengine. Kwa mhamiaji, hatari huzidi: uraia uliopatikana kwa njia ya utumishi wa kijeshi unaweza kufutwa ikiwa mhusika ataachishwa kwa sifa hiyo kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi wa heshima.

5.0 Wakili

Askari wengi hudhani kwamba wakili wa kijeshi ni mtu wa kamanda. Katika jeshi la nchi kavu, mawakili wa utetezi wako chini ya idara yao wenyewe. Hawapokei amri za kamanda wa mtuhumiwa, nao hutunza siri za mteja. Huduma yao hailipiwi. Mbele ya baraza, askari anaweza pia kuajiri wakili wa kiraia kwa gharama zake.

Msaada huo, hata hivyo, una mipaka. Katika utaratibu mfupi wa Kifungu cha 15, ambao adhabu zake hazizidi siku 14, jeshi la nchi kavu halimpi askari haki ya kushauriana na wakili. Katika utaratibu kamili anayo haki hiyo, na kwa kawaida hupewa saa 48 kufikiri kabla ya kuamua. Saa hizo ni chache, na anayezitumia kutafuta maana ya neno moja amekwisha kupoteza sehemu ya haki yake.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba ugumu wa askari mzungumzaji wa Kiswahili hautokani na sheria peke yake, bali pia na maneno yanayotumika kumweleza sheria hiyo. Wanaounda istilahi hawana budi kuanza na maneno ambayo kosa lake haliwezi kurekebishwa kwa urahisi. Bodi za mapitio zipo, na ombi la kubadilisha sifa ya kuachishwa linaweza kupelekwa katika muda wa miaka 15; lakini kurejeshewa jina jema ni kazi ngumu kuliko kulilinda. Neno la kwanza linalostahili kufunzwa, basi, ni lile ambalo askari anaweza kulitamka kabla ya kushika kalamu: *naomba kuonana na wakili*.