Mwalimu Mpya na Timu Iliyolegea

Majuma machache yaliyopita mzee mmoja alitufikia ofisini akiwa amekunja uso. Mwanawe, kijana wa kidato cha tatu na hodari sana wa mpira, alikuwa ameondolewa katika timu ya shule siku mbili kabla ya mashindano. Kosa lake ni kwamba alizoea kuchelewa mazoezini na kutoroka masomo ya jioni. Timu ikaenda bila yeye, ikafungwa. Mzee hakuyakana makosa ya mwanawe. Alilokuja kuuliza ni hili: "Padre, mwalimu mwenye akili aweza kujikata mkono siku ya vita?"

Swali hilo si la kijinga, wala hatukulijibu upesi. Leo twataka kulijibu kwa urefu kidogo, kwa kuwasimulia wasomaji wetu habari iliyotokea Marekani, katika chuo kikuu cha Kikatoliki kiitwacho Notre Dame, kati ya mwaka 1985 na 1989.

Kwanza yafaa mchezo wenyewe ueleweke. Mpira tunaousema hapa si huu wetu wa miguu. Wamarekani wana mchezo wao, wachezaji 11 kila upande, wenye kofia ngumu vichwani na kinga mabegani. Mpira wao una umbo la yai. Mchezaji huukumbatia akakimbia nao, au humrushia mwenzake, na wapinzani humwangusha chini wasimwache apite. Vyuo vikuu hushindana katika mchezo huo siku za Jumamosi, na umati wa watu huwa mkubwa kiasi cha kumshangaza mgeni. Uwanja wa Notre Dame, ulioko South Bend katika jimbo la Indiana, enzi hizo ulichukua watu 59,075. Chuo chenyewe kilianzishwa mwaka 1842 na Padre Edward Sorin, Mfaransa wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, shirika ambalo mapadre wake wamefanya kazi hata huku kwetu Afrika ya Mashariki. Zamani, Wakatoliki wa Marekani walipokuwa wakidharauliwa kwa kuwa wengi wao walikuwa watoto wa wahamiaji maskini kutoka Ireland, Poland na Italia, timu ya chuo hicho iliwainua vichwa. Kwa hiyo kushindwa kwake hakukuwa jambo la chuo peke yake. Kuliwauma watu ambao hawakupata hata siku moja kuliona lango la chuo hicho.

Basi, mwaka 1981 timu ile ilikabidhiwa Gerry Faust. Alitoka shule ya sekondari ya Moeller, mjini Cincinnati, ambako alikuwa ameshinda mechi 174, akashindwa 17 tu na kutoka sare 2. Alikuwa mtu mwema, mcha Mungu, aliyekipenda chuo kwa moyo wote. Lakini kulea watoto wa sekondari na kuongoza vijana wa chuo kikuu ni kazi mbili mbalimbali. Kwa miaka mitano alishinda mechi 30 na kushindwa 26, na sare 1, hesabu ambayo kwa chuo kile ilikuwa msiba. Mashabiki walipiga kelele aondolewe. Padre Theodore Hesburgh, aliyekuwa mkuu wa chuo tangu mwaka 1952, pamoja na msaidizi wake Padre Edmund Joyce, hawakukubali: walikuwa wamempa Faust ahadi ya miaka mitano, na miaka mitano alipewa. Hapa twaomba msomaji asipite haraka. Wakubwa wa chuo waliona fedha na sifa vikipotea, nao wakalishika neno walilokwisha kulisema. Mara nyingi twawadai vijana nidhamu ambayo sisi wakubwa, tukibanwa kidogo tu, twaitupa.

Faust alijiuzulu mwenyewe mwishoni mwa Novemba 1985. Mechi yake ya mwisho, huko Miami, timu yake ilipigwa alama 58 kwa 7.

Aliyekuja mahali pake ni Lou Holtz, mtu mdogo wa mwili, mwembamba, mwenye kitembe. Alizaliwa mwaka 1937 katika jimbo la West Virginia, akakulia East Liverpool, Ohio, akasoma kwa masista katika shule ya Mtakatifu Aloisi. Na hata ukubwani alisema kwamba masista wale ndio waliomfundisha kutojihurumia. Yasimuliwa kwamba alipokutana na wachezaji wake mara ya kwanza aliwakuta wamejilaza vitini kama watu walio barazani baada ya chakula, akawaamuru kwanza wakae wima, miguu chini, na kumtazama asemaye. Kisha yakaja mazoezi ya alfajiri, saa 12, katika baridi kali ya Indiana. Kisha yakaondolewa majina ya wachezaji migongoni mwa fulana zao, ikabaki namba tu, ili watu waione timu kabla ya kumwona mtu mmoja mmoja.

Msomaji atangojea sasa tumwambie kwamba timu ilianza kushinda. Sivyo. Mwaka 1986, mwaka wa kwanza wa Holtz, Notre Dame ilishinda mechi 5 na kushindwa 6, sawasawa kabisa na mwaka wa mwisho wa Faust! Anayetazama hesabu peke yake angesema mwalimu mpya na mwalimu wa zamani ni mamoja. Lakini tuangalie ndani ya hesabu. Kati ya mechi zile 6 walizoshindwa, 5 walishindwa kwa tofauti ndogo ndogo ambazo zikijumlishwa zote hazipiti alama 14. Walishindwa na Michigan kwa alama 1, na Pittsburgh kwa alama 1, na chuo cha Louisiana kwa alama 2. Na katika mechi ya mwisho ya mwaka, dhidi ya chuo cha Southern California, walikuwa nyuma kwa alama 37 kwa 20, wakarudi wakashinda 38 kwa 37. Timu iliyolegea ikishaachwa nyuma hivyo, hukata tamaa, hii haikukata.

Neno lenyewe nidhamu tumelipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni kupanga vitu kwa utaratibu, kama shanga zinavyotungwa katika uzi mmoja. Ndugu yake ni kunadhimu, neno ambalo washairi wa pwani hulitumia kwa maana ya kutunga beti. Mtu anayenadhimu hawezi kuiacha mizani ya mshororo mmoja kwa sababu eti neno lake ni tamu. Lakini katika masikio ya wengi siku hizi nidhamu imekuwa pacha wa adhabu, pengine kwa kuwa maneno hayo yafanana mdomoni, na pengine kwa kuwa shuleni aitwaye mwalimu wa nidhamu ndiye mwenye fimbo. Ndiyo maana mzee wetu alipoona mwanawe ameondolewa, aliona adhabu tu. Shanga na uzi hakuviona.

Mwaka 1987 Notre Dame ilishinda mechi 8, ikashindwa 4. Mwaka 1988 ikaanza na Michigan, na ushindi ukaletwa na kijana ambaye hakuna aliyemtazamia, Reggie Ho, mwanafunzi kutoka Hawaii, mfupi kuliko wote, asiyepewa na chuo hata senti ya kulipia masomo kwa ajili ya mpira, aliyekuwa akijiandaa kuwa daktari, na daktari akawa kweli. Aliupiga mpira kwa mguu mara nne ukapita kati ya milingoti, mara ya mwisho saa ikiwa imebakiza dakika moja na sekunde chache. Wakashinda 19 kwa 17. Tarehe 15 Oktoba wakawashinda Miami, wale wale wa alama 58, kwa 31 kwa 30. Hatutaficha kwamba kabla ya mechi hiyo wachezaji wa pande mbili walipigana ngumi penye njia ya kuingilia uwanjani. Mwaka wa tatu wa mazoezi ya alfajiri haukuwa umewafanya malaika.

Sasa twafika kwenye jibu la mzee wetu. Jumamosi tarehe 26 Novemba 1988 Notre Dame ilikwenda Los Angeles kukutana tena na Southern California. Timu zote mbili zilikuwa zimeshinda mechi zao zote 10. Moja ilihesabiwa ya kwanza katika nchi nzima, na nyingine ya pili. Haikupata kuwapo mechi kubwa kama hiyo kati yao. Jioni ya kuamkia mechi, timu ikakaa kula. Wawili hawapo: Tony Brooks, mkimbiza mpira, na Ricky Watters, mdaka mpira aliyetegemewa kuliko wengine wote. Walikuwa madukani. Haikuwa mara ya kwanza wala ya pili kwao kuchelewa, nao walikuwa wamekwisha kuonywa. Holtz aliwapandisha ndege wakarudi nyumbani bila kuigusa nyasi ya uwanja.

Fikiri, ewe msomaji, jinsi usiku ule ulivyokuwa kwake. Angeshindwa kesho yake, nchi nzima ingemwita mjinga, nao wazee kama mzee wetu wangeuliza lile swali la mkono na vita. Yeye hakuwa na njia ya kujua kwamba atashinda. Twasisitiza jambo hili kwa sababu wahubiri, na sisi tumo, hupenda kusimulia habari hizi kinyumenyume, kana kwamba ushindi ndio uliofanya uamuzi kuwa mwema. Uamuzi ulikuwa mwema jioni ile ile, wali ukiwa bado mezani, au chochote walacho Wamarekani. Kesho yake, mbele ya watu zaidi ya 90,000, Tony Rice alikimbia na mpira yadi 65 akafunga, Stan Smagala akaunyaka mpira wa wapinzani akakimbia nao yadi 64 akafunga, na mechi ikaisha 27 kwa 10.

Wala haikuwa mara ya kwanza kwa Holtz. Tarehe 2 Januari 1978, akiwa mwalimu wa Arkansas, aliwaacha nyuma wachezaji watatu walio nguzo za mashambulizi yake kwa sababu ya kosa lililotendeka bwenini, ingawa shauri lilifikishwa hata mahakamani kabla ya kuondolewa. Alikuwa anakwenda kukutana na Oklahoma, timu iliyohesabiwa ya pili nchini. Akawashinda 31 kwa 6.

Je, Holtz alikuwa mtakatifu? Hasha. Mwaka 1993 kilitolewa kitabu kilichomshutumu vikali kwa namna alivyowatendea wachezaji. Na mwaka 1999, miaka mitatu baada ya yeye kuondoka, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu kilikiweka chuo hicho chini ya uangalizi wa miaka 2 kwa sababu ya zawadi ambazo mshabiki mmoja alikuwa amewapa wachezaji. Mwalimu hawezi kuwapo kila mahali, na timu yenye sifa huvuta nzi.

Sisi wenyewe tuna deni la kukiri. Kabla ya kukalia kiti hiki cha uhariri tulipewa kazi ya kulea timu ya wanafunzi. Kijana wetu mmoja, mfungaji mkuu, alimtukana mpishi wa shule mbele ya wenzake, mpishi mwenye umri wa babake. Ilikuwa juma la fainali. Tulimwita, tukamkemea kwa sauti ya chini, tukamwambia tutalizungumza baada ya mechi. Tulishinda, na kombe likawekwa kabatini. Muhula uliofuata, kila tulipomwambia mtoto mwingine kwamba kosa ni kosa, tuliona machoni mwake kwamba anamfikiria yule mfungaji. Mpishi naye hakutulalamikia hata mara moja. Aliendelea kutupakulia chakula kama kawaida, na hilo lilituumiza zaidi.

Haya yote tulimsimulia mzee wetu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu, "Na wale wawili, walirudi?" Tulimwambia kwamba walirudi. Tarehe 2 Januari 1989, huko Arizona, Notre Dame ilikutana na West Virginia katika mechi ya kufunga mwaka, na Brooks na Watters walikuwamo kikosini. Ushindi wa 34 kwa 21 uliifanya timu kuwa bingwa wa taifa, mechi 12 bila kushindwa hata moja, na wale wawili waliufurahia pamoja na wenzao.

Ndipo mzee akatoa mfukoni barua ya shule. Tuliisoma mara mbili. Imeeleza makosa ya kijana vizuri, tena kwa haki. Lakini haina hata mstari mmoja unaosema lini aweza kurudi mazoezini, wala afanye nini ili arudi. Katika hilo mzee alikuwa na haki ya kukunja uso. Tumemwandikia mwalimu mkuu kwa heshima, tukimwomba aongeze mstari huo.