Kujitolea Katika Programu Huria: Namna ya Kuanza na Mchango Mdogo

Vijana wapendwa, kujitolea si jambo geni kwetu. Tunafagia kanisa Jumamosi, tunapanga viti siku ya sherehe, tunafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza, tunakwenda na jumuiya kuwaona wagonjwa. Leo tujifunze kujitolea kwa namna nyingine, inayofanyika kwenye kompyuta na wakati mwingine hata kwenye simu, ambayo wengi wetu tunadhani ni ya wataalamu wa Ulaya na Marekani tu. Nayo ni kuchangia programu huria.

Tutaona kwanza maana yake, kisha mfano mmoja wa hapa Afrika Mashariki, halafu hatua za kuanza, na mwisho mambo ya kujihadhari nayo.

1. Programu huria ni nini?

Kila programu unayoitumia imeandikwa kwa maelekezo ambayo kompyuta inayafuata. Maelekezo hayo huitwa msimbo. Kampuni nyingi huuficha msimbo wao. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake umewekwa wazi, na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuitumia, kuusoma msimbo, kuubadilisha na kuwagawia wengine.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, aliwatangazia watu kwenye intaneti kwamba anatengeneza mfumo wa kuendesha kompyuta, akakaribisha maoni yao. Ndiyo Linux, na kiini chake leo kinaendesha simu zote za Android. Firefox, VLC na LibreOffice nazo ni programu huria. Kwa hiyo hata kama hujawahi kulisikia neno hili, kazi ya watu hawa iko mfukoni mwako. Baadhi yao wanalipwa na kampuni. Wengine wengi wanajitolea baada ya kazi au masomo.

2. Mfano: kutoka Eldoret

Twende Eldoret, Kenya, mwaka 2004. AMPATH, mpango unaoshirikisha Chuo Kikuu cha Moi, hospitali yake ya rufaa na vyuo vikuu vya Marekani, ulikuwa unawahudumia watu wenye VVU, na idadi yao ilikuwa inapanda kwa kasi. Madaktari waliotoka Regenstrief Institute ya Indianapolis waliona kwamba mfumo wa kumbukumbu uliokuwapo hautaweza kubeba wagonjwa wote hao. Wakaanza kusanifu mfumo mpya, wakaungana na shirika la Partners In Health, wakaamua uwe huria. Ukaitwa OpenMRS. Mwaka 2006 ulianza kutumika Eldoret, na mwaka huohuo ukafika Rwanda. Leo KenyaEMR na UgandaEMR, mifumo inayotumika katika vituo vya afya vya nchi hizo, imejengwa juu yake.

Sasa fikiri kidogo. Mtu mwenye VVU anatumia dawa maisha yake yote. Faili lake likipotea, au tarehe ya kurudi kliniki ikiandikwa vibaya, siyo kompyuta inayoumia. Anayeumia ni mama aliyeamka alfajiri, akapanda matatu mbili, akafika dirishani na kuambiwa jina lake halionekani.

Hapo ndipo mchango mdogo unapopata uzito. Chukua neno moja la Kiingereza, "discharge". Hospitalini lina maana ya kumruhusu mgonjwa aende nyumbani. Lakini lina maana pia ya uchafu au majimaji yanayotoka kwenye kidonda au sehemu nyingine ya mwili. Mtafsiri asiyejua wodi, au mashine, anaweza kuchagua maana isiyo sahihi na kuiweka kwenye kitufe ambacho muuguzi atakibonyeza kila siku. Wewe uliyesoma uuguzi, au uliyekulia kwenye nyumba ya mama muuguzi, utalikamata kosa hilo kwa dakika moja. Hukuhitaji kujua kuandika msimbo hata mstari mmoja.

Ndiyo maana ukisema "mimi nani hata nichangie?" hujauliza swali sahihi. Uliza: "Ni kitu gani nakijua ambacho hawa hawanacho?"

3. Hatua za kuanza

*Kwanza, chagua mradi unaoutumia au unaojali kazi yake.* Usikimbilie wenye jina kubwa. Ukiutumia kila siku, tayari unajua wapi unasumbua. Angalia pia kama mradi uko hai: mabadiliko ya mwisho yalifanywa lini? Wanaouliza maswali wanajibiwa, na kwa lugha gani, ya heshima au ya dharau?

*Pili, soma kabla ya kusema.* Karibu kila mradi una faili liitwalo README linaloeleza programu inafanya nini, na jingine liitwalo CONTRIBUTING linaloeleza utaratibu wa kuchangia. Mingi ina pia kanuni za maadili. Ukihamia parokia mpya, huanzi Jumapili ya kwanza kumsahihisha mwalimu wa kwaya. Unakaa, unasikiliza, unajua sauti zinaendaje.

*Tatu, anza kwa kuripoti kasoro vizuri.* Huu ni mchango kamili, tena unahitajika sana. Kuandika "haifanyi kazi" hakumsaidii mtu. Sema unatumia toleo gani na kifaa gani, ulifanya nini hatua kwa hatua, ulitegemea nini kitokee, na kilitokea nini. Kabla ya kutuma, tafuta kama kuna mwingine aliyeripoti jambo hilohilo. Ikiwa yupo, ongeza ushahidi wako palepale.

*Nne, chukua kazi moja ndogo.* Miradi mingi iliyoko GitHub huwawekea wageni kazi nyepesi zenye lebo inayosomeka "good first issue". OpenMRS nayo ina kazi za utangulizi kwa wapya. Chagua moja, sema kwamba unaifanya, kisha ifanye. Ukishindwa au mitihani ikikubana, rudi useme ili mwingine aichukue. Kuikalia kazi kimya miezi mitatu ni kumzuia mwenzako.

*Tano, wasilisha.* Kwenye GitHub utaratibu uko hivi. Unatengeneza nakala yako ya mradi. Ndani ya nakala hiyo unafungua tawi la kazi yako. Unafanya mabadiliko, unayajaribu, unayahifadhi pamoja na maelezo mafupi ya ulichokifanya. Halafu unatuma ombi kwa wasimamizi wa mradi ili mabadiliko yako yaunganishwe na kazi yao. Ombi moja liwe na jambo moja tu. Anayekagua mistari kumi atakujibu upesi kuliko anayekagua elfu moja.

*Sita, subiri, na upokee masahihisho.* Hapa ndipo wengi wanapoachia njiani. Unaweza kukaa wiki mbili bila jibu, kwa sababu msimamizi naye ana kazi na familia. Baada ya muda wa kutosha, kumbusha mara moja kwa adabu. Jibu likija, huenda likawa na masahihisho saba. Usichukie. Hajasema wewe ni mjinga, amesoma kazi yako mstari kwa mstari, na huo ni muda aliokupa bure. Rekebisha, shukuru, tuma tena. Na kama ombi lako limekataliwa kabisa, uliza sababu, kisha tafuta kazi nyingine.

Na asiye na laptopu je? Unaweza kutafsiri, maana miradi mingi hutumia tovuti za tafsiri zinazofunguka hata kwenye simu. Unaweza pia kuchangia sauti kwenye Common Voice ya Mozilla, ambapo watu husoma sentensi fupi kwa lugha zao, Kiswahili kikiwamo, ili kompyuta zijifunze kuielewa sauti ya binadamu. Unaweza kusikiliza sauti za wengine na kuthibitisha kama wamesoma sawasawa. Bando dogo linatosha.

Kama unataka kujifunza msimbo wenyewe, usisubiri chuo. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, alijifunza kompyuta kwa kusoma mwenyewe, akatumia ujuzi huo kutengeneza tovuti kuhusu miujiza ya Ekaristi.

4. Mambo ya kujihadhari nayo

*Kutafuta fulana.* Kila Oktoba hufanyika kampeni iitwayo Hacktoberfest. Mwaka 2020 waliotuma maombi manne walikuwa wanazawadiwa fulana. Watu wakafurika: huyu anaongeza neno moja lisilo na maana, yule anabadilisha nukta. Wasimamizi wakatumia siku zao kufuta takataka, na waandaaji wakalazimika kubadilisha kanuni kabla mwezi haujaisha. Yesu alipomsifu yule mjane maskini hekaluni (Mk 12:41-44), sarafu zake zilikuwa mbili tu, lakini zilikuwa zake kweli. Mchango mdogo si tatizo. Tatizo ni mchango usio na kitu ndani.

*Kuleta usichokielewa.* Siku hizi unaweza kuiambia akili unde ikuandikie msimbo au ripoti, ukaituma bila kusoma. Daniel Stenberg, mwanzilishi wa mradi wa curl, amelalamika hadharani kuhusu ripoti za usalama zilizotungwa na mashine, zinazowapotezea muda kutafuta kasoro zisizokuwepo. Kipimo ni hiki: ukiulizwa "kwa nini umefanya hivi?", unaweza kujibu kwa maneno yako mwenyewe? Kama huwezi, bado hujamaliza.

*Siri za watu.* Kama unafanya kazi kituo cha afya na umeona kasoro, usipige picha ya kioo chenye jina au namba ya mgonjwa ukaiweka mtandaoni. OpenMRS ina mfumo wa majaribio wenye wagonjwa wa kubuni. Ionyeshe kasoro huko.

*Kumwacha mmoja achoke.* Hili tulikae kidogo. Kuna programu ndogo iitwayo xz, ya kubana mafaili, inayotumika kwenye kompyuta nyingi za Linux. Kwa miaka mingi mzigo wake aliubeba mtu mmoja aliyejitolea. Alipolemewa, watu walimsukuma mtandaoni wakimwambia anachelewa, amruhusu mwingine asaidie. Akajitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, akafanya kazi nzuri zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa. Kumbe alikuwa anajiandaa kupandikiza mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Machi 2024, Andres Freund, mhandisi aliyekuwa akipima jambo jingine kabisa, aliona kuingia kwenye kompyuta kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Hakupuuza. Akafuatilia mpaka akaugundua mlango huo, akautangaza tarehe 29 kabla haujasambaa kote.

Tuna mafundisho mawili hapo. Kuaminiwa ni dhamana, si ngazi ya kupandia. Na mtu akibeba mzigo peke yake, hatari haiko kwake tu, iko kwa wote wanaomtegemea. Watu waliomlaumu kwa kuchelewa walikuwepo. Wa kumpunguzia mzigo kwa uaminifu ndio waliokosekana.

*Na mkate wa nyumbani?* Najua mwingine anasema: "Sina ajira, nifanye kazi bure tena?" Swali hilo ni halali. Hakuna anayeweza kukuahidi kazi kwa sababu umechangia. Faida iliyopo ni kwamba kazi yako inabaki hadharani, na mwajiri anaweza kuisoma badala ya kuamini cheti tu. Zipo pia njia zenye posho, kama Google Summer of Code iliyoanza mwaka 2005, ambayo OpenMRS imeshiriki kwa miaka mingi, na Outreachy. Ila jiwekee mpaka. Saa mbili kwa wiki unazozitimiza ni bora kuliko usiku mzima wa wiki ya kwanza, halafu ukatoweka. Na usiache shamba, biashara au masomo yanayowategemeza wenzako nyumbani kwa jina la kujitolea.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni ujuzi gani wa kawaida ulio nao (lugha, uuguzi, ualimu, ushonaji, uhasibu) ambao mtengeneza programu aliye mbali hana?
2. Mara ya mwisho uliposahihishwa mbele ya watu, ulipokeaje?
3. Katika kwaya, jumuiya au chama chenu, nani anabeba mzigo peke yake? Mnamlaumu au mnamsaidia?

Zoezi la wiki hii

Chagua programu huria moja unayoitumia. Soma README yake yote. Tafuta jambo moja tu: neno la Kiswahili lililokosewa, maelezo yasiyoeleweka, au kitufe kisichofanya kazi. Liandike vizuri, litume, kisha endelea na shughuli zako. Jibu likija, hata kama ni masahihisho, utakuwa umeshaanza.